Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa Lubumbashi aliyesimulia historia ya Kongo kwa rangi

Kati ya mwisho wa mwaka wa 1973 na mwisho wa 1974, kijana mmoja wa Lubumbashi alichora picha 101 juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Ukizipanga moja baada ya nyingine, zinasimulia historia ya Kongo nzima, tangu wakati wa mababu hadi siku ambazo zilikuwa bado hazijafika. Kijana huyo ni Tshibumba Kanda-Matulu. Leo picha hizo ziko Amsterdam, inchini Uholanzi. Yeye mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hana kaburi linalojulikana.

Wengi wanamtaja kama mchoraji wa kawaida, mmoja kati ya wale waliouza picha mlango kwa mlango katika miji ya migodi. Yeye alijitazama kwa namna nyingine. Alijiita mwanahistoria. Kwake picha haikuwa pambo la ukuta. Ilikuwa njia ya kueleza inchi ilitoka wapi, nani aliitesa, nani aliikufia, na kwa nini mambo yamefika hapa yalipofika.

Mtoto wa mji wa shaba

Tshibumba alizaliwa mwaka wa 1947 mjini Elisabethville, jina ambalo Lubumbashi ilibeba hadi 1966. Asili ya familia yake ni Kasai, kama ilivyo kwa familia nyingi za mji huo. Kampuni ya Union Minière ilihitaji mikono mingi ya kuchimba na kuyeyusha shaba, na wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, wakapewa nyumba katika kambi, wakazaa na kulea watoto. Watoto hao walikua wakisema Kiswahili cha mji, hata kama wazazi wao walikuwa na lugha nyingine ya nyumbani.

Uhuru ulipofika tarehe 30/06/1960, Tshibumba alikuwa mtoto wa kama miaka 13. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11/07/1960, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Kwa watu wa asili ya Kasai huo ulikuwa wakati wa hatari. Katika mwaka wa 1961 makumi ya maelfu ya Baluba walikimbilia katika kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa hapo hapo Elisabethville, na wengi wao wakapelekwa Kasai. Katanga ilirudi ndani ya Kongo mwezi wa kwanza wa mwaka wa 1963.

Kwa hiyo, kabla ya kuwa mtu mzima, Tshibumba alikuwa ameishi chini ya bendera tatu bila kuhama inchi: ya mukoloni, ya Kongo huru, na ya Katanga ya Tshombe. Kisha akaona Mobutu akichukua mamlaka mwaka wa 1965, Union Minière ikitwaliwa na serikali mwaka wa 1967, na mwaka wa 1971 Kongo ikiitwa Zaïre na Katanga ikiitwa Shaba. Kila utawala uliokuja ulikuwa na hadithi yake juu ya jana. Aliyekuwa shujaa leo aliweza kuwa adui kesho. Hapo ndipo swali la Tshibumba lilipozaliwa: historia ya kweli ya watu hawa ni ipi, na nani ana haki ya kuisimulia?

Picha za saloni

Uchoraji haukuanza na yeye katika mji huo. Mwaka wa 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Humo walitoka wachoraji wakubwa kama Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Picha zao za ndege, samaki, nyoka na wawindaji zilipendwa sana, lakini wanunuzi wao walikuwa zaidi wazungu.

Tshibumba hakupitia njia hiyo. Alikuwa wa kundi lingine, lile la wachoraji wa mitaani waliostawi Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuanzia mwisho wa miaka ya 1960. Wanunuzi wao wakubwa walikuwa wafanyakazi wa migodi na wa reli, makarani na walimu. Mtu aliyepata mshahara, kiti cha saloni na redio, alitaka pia picha ya kutundika ukutani. Mchoraji hakuwa na turubai ya dukani, hivyo alinyoosha kitambaa cha gunia la unga juu ya fremu ya mbao, akakipaka rangi nyeupe, kisha akachora. Picha iliyopendwa ilirudiwa mara nyingi. Hakuna aliyeona haya kwa hilo, maana mnunuzi alijua anachotaka.

Zipo zilizopendwa kuliko nyingine. Ya kwanza ni mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki au wa nyoka anayeishi majini, anayempa mtu utajiri lakini anadai malipo makali. Ya pili ni Colonie belge, yaani koloni la Wabelgiji: mfungwa anapigwa fimbo mbele ya mzungu. Zilikuwapo pia picha za vijiji vya zamani, za wanyama na za vita.

Wenyewe walizieleza picha hizo kwa neno moja la Kiswahili: ukumbusho. Maana yake si kumbukumbu iliyolala tu kichwani. Picha inamwamsha anayeitazama. Mgeni anaingia, anakaa, anainua macho ukutani, anauliza. Mwenye nyumba anaanza kusimulia mambo aliyoyaona au aliyoyasikia kwa baba yake, mgeni anaongeza yake, na watoto wanasikiliza. Thamani ya picha ilipimwa kwa mazungumzo hayo zaidi kuliko kwa uzuri wa mistari. Katika inchi ambapo gazeti na redio vilikuwa mikononi mwa chama kimoja, saloni ilikuwa mahali ambapo jana ya inchi ilizungumzwa kwa uhuru kidogo.

Mlango wa profesa

Mwisho wa 1973, akiwa na picha zake za kuuza, Tshibumba alifika nyumbani kwa Johannes Fabian, mtafiti mwenye asili ya Ujerumani aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Fabian na Ilona Szombati walikuwa wameanza kuchunguza picha za mitaani na maana yake kwa wakaaji wa mji. Wachoraji wengine walikuja, wakauza, wakaondoka. Tshibumba alikuwa na wazo kubwa zaidi: kuchora historia ya inchi yote, kwa mpangilio, tangu mwanzo.

Alihitaji mnunuzi atakayechukua mfululizo wote, kwa sababu saloni ya mfanyakazi haiwezi kubeba picha mia moja. Fabian alikubali. Kwa miezi iliyofuata Tshibumba alileta picha kwa mafungu, na kila mara waliketi pamoja, kinasa sauti kikiwa mezani, akieleza moja baada ya nyingine. Juu ya picha zake aliandika vichwa kwa Kifaransa, lugha ya masomo na ya serikali. Maelezo ya mdomo aliyatoa kwa Kiswahili cha Lubumbashi, lugha ya mtaa. Picha zake zinahitaji lugha zote mbili, kama ilivyokuwa kwa maisha ya mji wenyewe.

Mfululizo huo unaanza na mababu na falme za zamani. Unapita kwa Diego Cão, Livingstone na Stanley. Unafika kwa Msiri, mfalme wa Bunkeya aliyeuawa tarehe 20/12/1891 na kapteni Bodson, aliyekufa pia siku hiyo. Halafu zinafuata kazi ya lazima, fimbo, mgomo, uhuru, kujitenga kwa Katanga na kwa Kasai ya Kusini, vita, na utawala wa Mobutu. Picha za mwisho zinatazama mbele, kwa siku zijazo kama mchoraji alivyoziwaza.

Fimbo, mgomo na damu ya Lumumba

Ili kuelewa namna Tshibumba alivyofanya kazi, inafaa kusimama mbele ya picha chache.

Katika Colonie belge yake, mfungwa amelazwa chini, na anayempiga fimbo ni polisi Mwafrika. Mbelgiji amesimama pembeni na kiko mdomoni. Hagusi mtu. Wafungwa wengine wamevaa nguo za mistari ya njano na nyeusi, na wanawake wanapita na vikapu vyao. Mchoraji hakusema tu kwamba mukoloni alikuwa mkatili. Alionyesha mpango wa kazi: mmoja anaamuru, mwingine anapiga, wa tatu analia, na wa kwanza anabaki na mikono safi. Fabian na Szombati waliandika baadaye kwamba picha ya namna hiyo haikuzungumzia mukoloni peke yake. Watu walionunua Colonie belge katika miaka ya 1970 walikuwa chini ya utawala ambao nao uliwajua polisi na gereza. Kuchora mateso ya leo kulikuwa hatari, lakini hakuna aliyeweza kumkamata mtu juu ya kuchora mateso ya Wabelgiji. Aliyetazama alijaza mwenyewe nafasi iliyobaki.

Picha nyingine inahusu mgomo wa mwezi wa kumi na mbili wa 1941. Vita ya pili ya dunia ilikuwa imeongeza kazi migodini huku bei za vyakula zikipanda. Wafanyakazi wa Union Minière walidai mshahara, wakakusanyika katika uwanja wa mpira mjini, na tarehe 09/12/1941 askari wakawafyatulia risasi. Watu makumi walikufa. Wakaaji wa mji walishika jina la Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake, na walisimuliana kwamba gavana Maron mwenyewe ndiye aliyempiga risasi. Habari hiyo ilizunguka makambini kutoka mzazi kwa mtoto. Tshibumba aliichukua kutoka midomoni mwa watu na kuiweka mahali pake, kati ya kuingia kwa mukoloni na kuja kwa uhuru. Mgomo wa wafanyakazi ukapata cheo sawa na safari za Stanley.

Lakini moyo wa mfululizo huo ni Patrice Lumumba. Tshibumba alimchora akiwa mfungwa, akiwa mbele ya watu, siku ya uhuru, na mwishoni akiwa maiti. Tarehe 17/01/1961 Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa Elisabethville kwa ndege, wakapigwa, na usiku huo huo wakauawa porini, si mbali na mji. Miili yao ilifukuliwa, ikakatwa na kuyeyushwa kwa asidi ili isipatikane kamwe. Jamaa hawakupata maiti ya kulilia wala kaburi la kutembelea.

Ndipo mchoraji alipofanya jambo ambalo serikali ilishindwa kulifanya. Aliwapa watu wale mwili. Katika picha yake maiti zimelala chini, na nyuma yao, juu ya kilima, kuna misalaba mitatu. Damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba inaandika juu ya udongo neno la Kifaransa Unité, yaani umoja. Misalaba hiyo haikuwapo mahali pale, na Tshibumba alilijua hilo. Lakini kila mkristo wa Lubumbashi aliyeitazama alielewa mara moja: mtu asiye na kosa, aliyetolewa na watu wake mwenyewe, akauawa kati ya wawili. Tshibumba alisema wazi kwamba kwake Lumumba alikuwa kama Yesu wa inchi hiyo. Na neno Unité linabeba uchungu wa mtoto aliyeona jirani akimgeukia jirani juu ya kabila: Lumumba alikufa katika jimbo lililojitenga, naye ndiye aliyekataa inchi igawanywe.

Ukweli wa karatasi na ukweli wa watu

Mtu anayesoma picha hizo kwa kuzilinganisha na nyaraka atakuta tofauti. Tarehe nyingine hazilingani. Mambo mengine hakuna karatasi inayoyathibitisha. Mfano ni Simba Bulaya, simba wa Ulaya. Zamani katika makambi ya Katanga watu waliogopa kutembea usiku, wakisimuliana kwamba kuna wanaokamata Waafrika na kuwapeleka kwa wazungu waliwe. Tshibumba aliichora habari hiyo pamoja na matukio mengine ya historia, bila kuitenga kama hadithi.

Mwalimu wa historia anaweza kukunja uso. Hata hivyo hofu ile ilikuwa ya kweli. Ilibadilisha saa za watu za kutembea na namna walivyomtazama mzungu. Pia ilisema jambo juu ya mji wa migodi, ambapo wanaume waliingia kazini wakiwa na nguvu na wengine hawakutoka tena. Nyaraka za kampuni zinahesabu tani za shaba. Hofu ya Simba Bulaya inahesabu gharama kwa upande wa waliochimba.

Hilo ndilo jambo kubwa katika kazi ya Tshibumba. Hakupinga ukweli. Alitaka uandikwe pia na wale waliouishi. Kwa muda mrefu historia ya Kongo iliandikwa na wazungu, kisha ikaongozwa na chama. Yeye aliona kwamba mchoraji naye anaweza kukusanya habari, kuzipima, kuzipanga na kutoa maana. Picha iliwafikia hata wasiojua kusoma. Na kwa sababu kila mmoja aliweza kuibishia, haikuwa amri kutoka juu.

Kupotea

Wakati mfululizo ulipokamilika, soko lilikuwa tayari linadidimia. Mwezi wa kumi na moja wa 1973 Mobutu alikuwa ametangaza kuchukua biashara za wageni, na mwaka uliofuata bei ya shaba ilianza kuanguka duniani. Mishahara ya Gécamines ilipoteza nguvu, na mfanyakazi aliyehangaikia unga hakununua tena picha. Wageni wengi waliondoka. Mwaka wa 1977 na 1978 vita viliingia Shaba kutoka Angola, na Kolwezi ikamwaga damu. Tshibumba aliendelea kuchora na kuuzia watafiti wengine. Mmoja wao ni Bogumil Jewsiewicki, mwanahistoria aliyefundisha Lubumbashi na baadaye Québec, inchini Kanada, aliyekusanya picha nyingi za wachoraji wa Kongo na kuandika juu yake.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyayo zake zinakatika. Hakuna picha mpya, hakuna barua. Waliomtafuta hawakumpata. Vitabu vinamtaja kwa mwaka wa kuzaliwa 1947 na mwaka wa kupotea 1981, na vinamhesabu kati ya waliokufa. Mtu aliyempa Lumumba mwili juu ya kitambaa, yeye mwenyewe aliondoka bila kuacha hata kaburi.

Picha bila saloni

Umaarufu ulifika baada yake. Mwaka wa 1996 Fabian alitoa kitabu kikubwa chenye picha zote 101 na maelezo ya mchoraji. Tangu hapo Tshibumba anasomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Maongezi yao ya Kiswahili yamewekwa kwenye intaneti, na ni hazina pia kwa wanaochunguza Kiswahili cha Katanga. Picha zenyewe ziliingia katika jumba la Tropenmuseum la Amsterdam, ambalo sasa linaitwa Wereldmuseum. Nyingine ziko Tervuren, Ubelgiji, katika jumba lililojengwa wakati wa Leopold II. Mwaka wa 2016 Sammy Baloji, msanii wa Lubumbashi, alishiriki kuandaa maonyesho ya picha za wachoraji wa mitaani wa Kongo mjini Bruxelles, na kazi za Tshibumba zilikuwamo.

Ni heshima kubwa, na bila watafiti hao pengine vitambaa vile vya magunia vingeoza. Lakini kuna jambo lililopotea njiani. Ukumbusho unahitaji mtu wa kukumbushwa. Katika jumba la Ulaya mgeni anasoma karatasi ndogo kando ya fremu, anatazama, anapita. Katika saloni ya Kenya au ya Katuba, picha hiyo hiyo ingemfanya mzee ataje jina la mjomba aliyefanya kazi migodini mwaka wa 1941, na mwingine angembishia. Mtoto wa Lubumbashi anayetaka kuiona leo kwa macho yake anahitaji pasipoti, viza na tiketi ya ndege.

Mwezi wa sita wa 2022, Ubelgiji ilirudisha jino la Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake. Lilizungushwa katika inchi, likafika hata Katanga mahali alipouawa, kisha likalazwa Kinshasa. Umati ulijitokeza barabarani kulisindikiza. Zaidi ya miaka 45 kabla ya siku hiyo, mchoraji wa mitaani aliyetembea na picha zake mlango kwa mlango alikuwa ameshaelewa kwamba watu hawa walihitaji kitu cha kutazama ili waweze kulia, na ili waweze kuzungumza. Mazungumzo juu ya kurudisha mali ya Kongo kutoka Ulaya yanaendelea, na mara nyingi yanataja vinyago na viti vya wafalme. Picha 101 za Tshibumba hazikuibiwa, zilinunuliwa. Lakini zilichorwa ili Wakongo wabishane mbele yake. Hata nakala zake tu, zikitundikwa katika masomo na katika nyumba za mji wa shaba, zingeirudia kazi ambayo mchoraji alizipa.